Jiji la Kinyozi

Katika mji ule mdogo, mtu aliyetaka kwenda jijini kutembea siku mbili tatu hakununua ramani. Alikwenda kunyolewa.

Kinyozi mwenyewe walimwita Mwenyeji. Ni wateja waliompa jina hilo, naye alilipokea kwa unyenyekevu wa mtu aliyekuwa akilisubiri muda mrefu. Kibanda chake kilikuwa nyuma ya ofisi ya posta, ubavuni mwa fundi viatu, na baina yao ulisimama ukuta wa mbao nyembamba uliopitisha kila kitu isipokuwa hewa. Ndani mlikuwa na kiti cha kuzunguka kilichokuwa kimeacha kuzunguka, kioo chenye ufa, chupa ya spiriti, kopo la poda, na benchi la wanaosubiri. Wengi wa wanaosubiri walikuwa na vipara. Walikuja kusikiliza.

"Ukishuka tu stendi," Mwenyeji angesema, mashine ikinguruma kwenye kisogo cha mtu, "usihangaike na wale wa kukuvuta mkono. Wewe nyoosha. Jioni ya kwanza unakula kwenye ile hoteli ya juu, ile inayozunguka. Unaanza supu ukiliona daraja, unamaliza nyama ukiuona uwanja wa ndege. Omba meza ya dirishani. Waambie umetoka kwangu."

"Niseme jina gani?"

"Sema Mwenyeji. Watajua."

Benchi liliguna kwa heshima. Kuna wanaume waliojengewa sanamu kwa kujua kidogo kuliko hapo.

Hakumpangia kila mtu safari moja. Hapana, kila kichwa alikikata kwa umbo lake. Waliooana karibuni aliwapeleka kwenye daraja la taa, jioni, wasimame katikati yake washikane mikono. Wenye umri aliwapeleka makumbusho, waone vitu vilivyochakaa kuliko wao. Na wale waliomnong'oneza sikioni kwamba wanataka kuchangamka kidogo, aliwaelekeza ukumbi wa chini kwa chini, wenye bendi ya watu kumi na watano na tarumbeta zinazomtoa mtu machozi. "Ila usiende na viatu vipya," aliwaonya. "Ule ukumbi unakula viatu." Maelezo madogo kama hayo ndiyo yaliyowamaliza watu. Nani angetunga habari za viatu?

Kusema kweli Mwenyeji alikuwa amefika jijini mara moja, ujanani, akimsindikiza mjomba wake mwenye mguu mbovu kwenye hospitali kubwa. Walilala ukumbini kwenye mkeka, wakala mkate ulionunuliwa getini, na alichokiona cha jiji ni ukuta uliopakwa rangi ya kijani hadi usawa wa bega na foleni iliyouegemea. Mjomba akapona. Wakarudi kwa basi ambalo madirisha yake hayakufunguliwa kwa sababu ya vumbi. Hiyo ndiyo iliyokuwa elimu yake. Iliyobaki aliitoa katika vichwa vya watu, na kwa kazi yake hakuna aliyevikaribia zaidi.

Sasa, kinyozi hapati hadithi nzima. Hupata kipande chenye urefu wa nywele za mteja. Dereva wa lori anaanza kusimulia hoteli inayopanda mawinguni, mashine inapita juu ya sikio, jina la mahali linamezwa na mngurumo, na kabla hajafika mwisho ameshapakwa spiriti na anauma meno. Wala kinyozi haulizi maswali. Mtu mwenye wembe kooni pa mwenzake hasemi, "Hebu rudia, ni mji gani huo?" Kufanya hivyo ni kama kumpeleka mteja kituo cha polisi. Kwa hiyo Mwenyeji aliokota vipande, kama alivyofagia nywele jioni, za kila mtu zikiwa rundo moja, akavishona. Kila aliyesema "kule jijini", yeye alielewa ni jiji hilohilo moja. Yawezekanaje yawe mengi?

Na walioenda kwa mpango wake wakirudi? Walirudi wakimsifu. Hilo ndilo lililomaliza ubishi. "Mwenyeji, wewe noma," walisema wakikaa kwenye kiti, macho yakitazama pembeni kidogo. "Ni kama ulivyosema, neno kwa neno." Akaamini, na kwa nini asiamini?

Mke wake alikuwa mpishi wa shule ya bweni, mwanamke mwenye mikono ya mpiga kasia kwa sababu mwiko wake ulikuwa na urefu wa kasia. Alipika maharage kwa watoto mia kadhaa waliokubaliana jambo moja tu maishani, kwamba hayajaiva. Nyumbani ndiye aliyekuwa nguzo. Paa likivuja, watoto walimwambia yeye. Shemeji zake wakigombana, waliletwa kwake. Redio ikiharibika, aliipiga kofi yeye na ikaitika. Kwa mumewe alibakiza jambo moja tu la kumuuliza, nalo ni jiji. Wakati wa chakula angeweka kijiko chini na kusema, "Ile hoteli, hivi mtu hapati kizunguzungu?" Kisha angenyamaza, amtazame, asubiri jibu. Mwenyeji aliishi kwa ajili ya kimya kile.

"Nitakupeleka," angemwambia. "Jiji halina haraka, lipo tu." Jambo ambalo lilikuwa kweli. Jiji lilimsubiri kwa subira kubwa.

Shule zilipofungwa, mke alipita kibandani akiwa na tiketi mkononi. Hakumwita mumewe pembeni. Alisimama mlangoni, mbele ya benchi zima.

"Baba, nimeshakata," alisema. "Ijumaa. Mimi na wewe."

"Kukata nini?"

"Tiketi za jijini. Nimechoka kusikia, nataka kuona. Halafu mnisikilize na ninyi wengine, maana nyote mlishaenda. Mimi nimepikia watu tangu sijaolewa. Nataka nikae kwenye kiti, mtu aje aniulize, 'Mama, utakula nini?' Na mimi nimwambie, subiri kwanza, nafikiria. Na asubiri!"

Benchi lilipiga makofi. "Shemeji umepata!" mmoja akapaza sauti. "Unaenda na mwenye jiji lake!"

Mwenyeji alicheka kwa meno, macho hayakushiriki. Mteja aliyekuwa kitini siku ile aliondoka na kiraka kidogo cheupe nyuma ya sikio ambacho hakukiomba.

Kesho yake alivuka kwa fundi viatu, akijifanya amefuata soli. Fundi viatu alikuwa ametoka jijini karibuni, alikompeleka mke wake mpya kula fungate kwa mpango wa Mwenyeji, na alirudi na sifa za kujaza gunia.

"Jirani," Mwenyeji alisema, akikagua kiatu cha mtu mwingine kana kwamba ni chake, "ile hoteli ya juu, ninyi mlipandia mlango wa mbele au wa nyuma?"

Fundi viatu alitoa misumari midogo mdomoni, akaipanga kwenye kifuniko cha kopo.

"Kwa nini unauliza?"

"Nataka kujua tu kama wamebadilisha."

"Mlango ule wa kawaida."

"Wa kawaida upi?"

"Si ule ulioniambia wewe?"

"Mimi sikukuambia mlango."

Wakatazamana. Ni macho ya watu wawili waliokutana gizani, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye mwenye taa.

"Jirani," fundi viatu alisema kwa sauti ya chini, "hoteli sikuiona. Tuliitafuta mpaka kiatu cha mke wangu kikaachia soli, na mimi nikiwa ndiye fundi. Tukarudi gesti ya pale stendi. Tukala mikate mpaka siku ya kurudi."

"Na ukumbi wa chini kwa chini?"

"Nilipata ngazi za kushuka, nikashuka. Ni choo cha kulipia."

"Sasa mbona ulikuja kunisifu mbele za watu?"

"Ulitaka nije niseme nini? Kwamba mji mzima umeiona isipokuwa mimi? Mke mpya yuko ndani, jirani! Nilimwambia hoteli imefungwa kwa ukarabati." Akarudisha msumari mmoja mdomoni, kisha akautoa tena. "Na nilijua kosa ni langu. Mtu anayejua mpaka habari za viatu atakoseaje?"

Mwenyeji aliketi kwenye kigoda cha wateja. Aliwakumbuka mmoja mmoja. Mlinzi wa benki na mkewe. Muuguzi na dada yake. Mwalimu wa hesabu, mtu asiyekubali jambo bila uthibitisho, aliyerudi na kusema daraja lilimgusa moyo. Alikuwa amepeleka nusu ya mji ikapotee, na nusu hiyo ilirudi ikamshukuru.

Wiki ile, kwa mara ya kwanza tangu ashike wembe, aliuliza maswali. Alizima mashine, akasimama mbele ya mteja, akamtazama usoni. Dereva wa lori alicheka hadi shuka likamdondoka. "Inayozunguka? Ile si ya nchi hii, kaka. Ile niliiona nilikopeleka mbao, mipaka kadhaa kutoka hapa. Na siku niliyofika ilikuwa mbovu, imesimama." Karani mstaafu wa posta alithibitisha kwamba ukumbi ulikuwepo, alicheza humo akiwa na kiuno. Siku hizi wanahifadhi saruji. Daraja lilikuwa limesimuliwa na mwanafunzi mmoja wa chuo, ambaye alipobanwa kidogo alikumbuka kwamba aliliona kwenye kalenda.

Jiji lilibomoka hivyo, jengo baada ya jengo, na ilipofika Alhamisi palibaki ule ukuta wa kijani peke yake.

Jioni hiyo alimkuta mkewe anapiga pasi. Begi lilikuwa wazi kitandani, la kuazima kutoka kwa matroni wa shule, na juu yake gauni la rangi ya zambarau ambalo Mwenyeji hakuwahi kuliona. Lilikuwa bado na alama za mikunjo ya dukani. Alilitazama gauni lile kuliko alivyomtazama mwenye gauni. Angeweza kuumwa. Tumbo lilikuwa rafiki wa zamani, lingeshirikiana. Angeweza pia kwenda na kufanya kama fundi viatu, atangaze ukarabati katika kila mtaa. Jiji zima likarabatiwe wikiendi moja, kuna ubaya gani? Lakini gauni lilikuwa limekaa palepale, likiamini.

"Mama, kuna jambo," alisema.

"Kama ni shati la bluu, nimeshalipiga."

"Si shati. Mimi jiji silijui."

"Najua limebadilika. Yote hubadilika."

"Halijabadilika. Sikuwahi kulijua."

Mke aliinua pasi, akaisimamisha wima taratibu. Mtu aliyezoea masufuria makubwa hamwagi kitu kwa sababu ya mshtuko. Mwenyeji akamweleza yote, mkeka wa hospitali, mngurumo wa mashine, mbao za dereva, saruji, kalenda. Alieleza vizuri sana. Kusimulia lilikuwa ndilo jambo pekee alilokuwa na kipaji nalo.

"Na ile bahari ya taa unayoiona ukiwa dirishani?" mke aliuliza.

"Ya dereva."

"Na yule mwimbaji mnene, aliyekuja mezani kwako akakuimba jina?"

Mwenyeji alikohoa. "Huyo nilimtunga mwenyewe."

"Huyo ndiye niliyempenda kuliko wote," alisema mkewe, na hapo ndipo sauti yake ilipobadilika. "Watoto walipokuwa wadogo nilikuomba twende, ukasema msimu wa mvua. Nilipopata likizo, ukasema barabara inatengenezwa. Baadaye nikaacha kuomba, nikawa nauliza tu. Miaka yote hiyo nilidhani unaninyima. Kumbe hukuwa nacho."

Hakujua kama hilo lilikuwa afadhali au baya zaidi. Hata mkewe hakuonekana kujua. Nje mtoto wa jirani alikuwa anaitwa akaoge, na anakataa.

"Basi tusiende," Mwenyeji alisema, akijitahidi kuficha matumaini.

"Nani kasema? Kupotea nako ni kutembea. Kuuliza si ujinga, na mdomo ninao. Wewe utabeba begi."

Na alilibeba. Kwa siku walizokaa jijini, mkewe aliuliza kila kiumbe chenye masikio. Alimuuliza mfagia barabara, akamuuliza mwanamke aliyekuwa anajipaka wanja kwenye kioo cha gari lisilo lake, akamuuliza askari wa usalama barabarani katikati ya makutano, magari yakiwa yamesimama yanapiga honi. "Samahani baba, sisi ni wageni. Wapi mtu anakula akashiba?" Mwenyeji alisimama hatua chache nyuma, begi kifuani, akiomba ardhi ipasuke. Ardhi ya jijini ni lami. Haipasuki kwa ajili ya watu wadogo.

Askari aliwaelekeza hoteli ya chini kabisa, mkabala na duka la matairi. Haikuzunguka. Kilichozunguka ni feni. Mhudumu alikuja na kalamu sikioni, akasema, "Mama, utakula nini?"

"Subiri kwanza," mke alisema. "Nafikiria."

Akafikiria. Aliuliza wali wanapikia sufuria ya aina gani. Aliuliza nani jikoni, na kama ana wasaidizi. Aliisoma karatasi ya vyakula kama msimamizi wa mtihani, mbele na nyuma, ingawa nyuma hapakuwa na kitu. Mhudumu alibadilisha mguu wa kusimamia, kisha akaurudisha wa kwanza. Chakula kilipokuja alikula kwa utulivu, akatoa hukumu kwamba wali umeshika chini kidogo, na uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyelala akaamka mwenyewe bila kuamshwa.

Makumbusho walikuta yamefungwa kwa ukarabati, kweli kabisa, na Mwenyeji alicheka peke yake getini mpaka mlinzi akamwangalia vibaya. Mlinzi wa jengo jingine, la ofisi, aliwaruhusu wapande ngazi hadi dirisha la juu. Wakaliona jiji. Mapaa, matangi ya maji, nguo kwenye kamba, na moshi wa mahali fulani.

"Ndilo hilo?" mke aliuliza.

"Nadhani."

Alilitazama muda mrefu, mkono wake ukiwa juu ya ukingo wa dirisha karibu na wa mumewe, lakini si juu yake. Kusamehe nako kuna foleni.

Jioni walipata muziki, kwa maelekezo ya muuza maji. Ni wazee wanne na tarumbeta moja, kwenye uwanja wenye viti vya plastiki. Gauni la zambarau lilikuwa limekunjamana tena. "Tukae au tucheze?" mke aliuliza, akamtazama, akanyamaza akisubiri. Kilikuwa kimya kilekile. Mwenyeji alifungua mdomo, na hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kumwachia jibu la swali hilo.

"Sijui," alisema.

"Basi tucheze mpaka ujue."

Walicheza vibaya, kwa viatu vya safari.

Jumatatu benchi lilikuwa limejaa kabla hajafungua. "Lete habari, Mwenyeji!" walidai. "Shemeji kaionaje ile hoteli?"

Alimkalisha kitini muuza duka la dawa, kijana aliyekuwa anakaribia kuoa na aliyetaka kupangiwa safari, akamfunga shuka shingoni. Kisha akasema, bila kuwasha mashine, "Tulipotea."

Benchi likacheka. Mwenyeji naye kwa utani!

"Hoteli inayozunguka haipo," alisema. "Ukumbi haupo, wala daraja. Nilikuwa nawadanganya, na mimi nikidanganyika. Ipo hoteli moja mkabala na duka la matairi. Mhudumu wao ni mvumilivu. Wali unashika chini."

Kicheko kilikauka. Watu waliangalia vidole vyao vya miguu. Mlinzi wa benki alikohoa, mwalimu wa hesabu akagundua saa yake inahitaji kutegwa. Kila mmoja alisubiri mwenzake aseme la kweli kwanza, na kwa kuwa wote walikuwa waungwana, hakuna aliyemtangulia mwenzake.

"Anaficha huyu," hatimaye mlinzi wa benki alisema. "Ameonja raha na mkewe, sasa anaogopa tutamjazia watu kule."

"Ndiyo," wengine wakadakia kwa nafuu kubwa. "Anaficha! Choyo imemwingia!"

Muuza duka la dawa aliponyolewa hakuomba hata poda. Alitoka amenuna, na baada ya kitambo sauti yake ikasikika upande wa pili wa mbao, ikiuliza kama ni kweli hoteli ya juu haipo.

"Nani kakwambia?" fundi viatu alijibu. Ilisikika misumari ikiwekwa kwenye kifuniko cha kopo. "Mimi nimekula pale na mke wangu. Kaa. Ukishuka tu stendi, nyoosha. Unaanza supu ukiliona daraja..."

"Na bendi?"

"Watu thelathini. Wengine wanasimama nje, hawaenei."

Mwenyeji aliinua ngumi agonge ukuta, aseme ni kumi na watano tu, watu wasitie chumvi. Kisha akaishusha. Akakung'uta shuka, akapangusa kiti, na akageuka kuuliza nani anafuata.

Benchi lilikuwa tupu. Wote walikuwa wamehamia kwa jirani.